Usilimeze Hilo Swali

Miaka michache iliyopita, asubuhi moja ya masika, nilikwama upande wa Fire, Dar es Salaam. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, Mto Msimbazi umevunja kingo, mwendokasi umesitishwa, na barabara ya Jangwani imefungwa mpaka maji yapungue. Nikachoka kusubiri. Nikashuka kwa miguu kuelekea bondeni, viatu mkononi.

Huko kila mlango ulikuwa wazi. Magodoro yameegemezwa ukutani yanachuruzika. Juu ya bati lililolazwa kwenye tofali, mtu ametandaza daftari za shule, kurasa zimegandana, wino umetambaa mpaka pembeni. Mama mmoja alikuwa anachota tope chumbani kwa beleshi lililokatika mpini, anajaza ndoo, na binti yake, bado na sketi ya shule, anaibeba kwenda kuimwaga. Ndoo inatoka, ndoo inarudi.

Akapita baba mmoja, kavaa vizuri, mabuti yake safi, sijui aliyapitishia wapi. Akasimama na kusema kwa sauti ya kufariji: “Poleni, mama. Ndiyo mapenzi ya Mungu hayo. Tushukuru tu hai.”

Mama hakuinua kichwa. “Ahsante, baba. Ila mbona mapenzi ya Mungu kila mwaka yanaanzia kwetu huku bondeni? Njia ya Masaki hayaijui?”

Watu wakacheka, kile kicheko cha uchovu. Bibi mmoja jirani akaziba mdomo kwa pindo la kanga. “We mwanangu, usikufuru! Nyamaza.”

Mama akanyamaza, akaendelea kuchota. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa binti. Alisimama na ndoo tupu, akamtazama mama yake, midomo imeachana kidogo kama mtu mwenye neno. Kisha akainama, akashika ndoo.

Lile neno alilolimeza ndilo linalonifanya niandike leo. Naandika kwako wewe binti, uwe wa Jangwani, wa Mchikichini, wa Mtaa wa Kongo au wa Magomeni ng’ambo ya bonde. Alichokiuliza mama yako na beleshi mkononi kina jina. Kumuuliza Mungu kuhusu mateso ni theolojia. Kuuliza kwa nini mzigo wa jiji zima umwagikie kwa wale wale ni maadili, ile taaluma inayopima haki na dhuluma. Mwaka 1755 tetemeko la ardhi lilipoangusha Lisbon, wasomi wa Ulaya, akina Voltaire, walibishana kwa miaka mingi juu ya swali hilo hilo, nao walikuwa wamekaa vitini. Mama yako aliliuliza akiwa kwenye tope hadi magotini, kwa sentensi mbili. Kilichokosekana pale ni mtu wa kuliandika, kulisomea na kulirudisha likiwa na meno. Mtu huyo unaweza kuwa wewe, na wako waliokutangulia kwenye njia hiyo.

Kwanza tumalize hili la kukufuru, maana ndilo kufuli la kwanza utakalokutana nalo. Wewe uliyesoma madrasa unaijua sura ya 58, Al-Mujadila. Imeitwa kwa jina la mwanamke aliyebishana. Wafasiri wanamtaja Khaula binti Tha’laba, aliyemwendea Mtume kulalamikia namna mumewe alivyomwacha akining’inia, si mke si mtalaka. Malalamiko yake hayakuitwa kufuru. Wahyi ukashuka kuyajibu. Na wewe wa jumuiya na kwaya, fungua Hesabu sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakuu, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee ati kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume. Musa hakuwafukuza. Alilipeleka swali kwa Mungu, na jibu likarudi kwamba mabinti wamesema kweli. Mwaka 1990 Mahakama Kuu pale Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ililisikia karibu swali lile lile kutoka kwa mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa wosia. Ukoo ukasema mwanamke hana haki hiyo. Jaji akasema anayo. Kwa hiyo mtu akikwambia swali lako ni kufuru, muulize kwa adabu, shikamoo kwanza, amesoma ukurasa gani.

Sasa tuje hapa hapa mjini. Agosti 1976, wanatheolojia kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walikutana Dar es Salaam wakaunda umoja wao, EATWOT, wa wanatheolojia wa Ulimwengu wa Tatu. Azimio la Arusha lina miaka tisa, Mwalimu yuko Ikulu, na wageni wale wanasema jambo zito: theolojia iache kuanzia maktaba za Ulaya, ianzie kwa maskini. Maneno mazuri sana. Lakini hesabu vichwa vya wajumbe ukumbini, watu zaidi ya 20, na mwanamke ni mmoja, Beatriz Melano Couch wa Argentina. Maskini walijadiliwa mjini humu humu, na mama anayeuza dagaa Kariakoo, ambaye umaskini anaujua kwa majina yake yote, hakuwa na kiti. Siwalaumu waliokuwepo, walifungua mlango. Ila mlango ule ulifunguliwa nusu.

Nusu iliyobaki waliisukuma wanawake wenyewe. Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, aliyezaliwa 1934 na kusomea theolojia Legon na Cambridge wakati ambapo wanawake Waafrika kwenye madarasa hayo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, aliwaambia wenzake wa EATWOT kule New Delhi 1981 kwamba ukombozi unaomwacha mwanamke nje haujakamilika. Mwaka 1983 wanawake wakawa na tume yao ndani ya umoja ule. Mwaka 1989 Oduyoye akawakusanya wenzake Legon, ukazaliwa mtandao wa wanawake wa Kiafrika wanatheolojia ambao wenyewe huuita Circle, yaani duara. Si wa Wakristo peke yao. Rabiatu Ammah, msomi Mwislamu wa Ghana, ni mmoja wa walioandika humo. Sharti walilojiwekea lilikuwa gumu kuliko ada ya uanachama: kila mmoja aandike, na kilichoandikwa kichapwe. Walishajua kwamba mazungumzo mazuri ya wanawake yana tabia ya kuishia kwenye vikombe vya chai.

Kati yao ninayetaka umjue kwa karibu ni jirani yetu, Nyambura Njoroge wa Kenya.

Mwaka 1982 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono ya uchungaji katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, PCEA. Wa kwanza! Wa kwanza huwa hana wa kumwiga, kosa lake moja huitwa kosa la wanawake wote. Angeweza kutosheka na kola shingoni. Akaenda Marekani kusoma zaidi, mpaka Princeton Theological Seminary, New Jersey, kwenye maktaba ambayo ukiingia asubuhi unaweza kusahau kula. Hapo mwanafunzi wa udaktari wa maadili anaweza kuchagua mwanafalsafa yeyote wa Kijerumani na akapigiwa makofi.

Unajua alichagua kuandika juu ya nini? Woman’s Guild, chama cha akina mama wa kanisa lake.

Akina mama wale unawafahamu. Kwenu mnawaita WAWATA, au Umoja wa Akina Mama, au kwaya ya akina mama, au wanawake wa darsa la Alhamisi. Ndio wanaoonekana wamevaa kitenge kimoja, wanachangia msiba, wanachemsha chai ya mkutano wa wazee kisha wanatoka nje mlango ufungwe. Njoroge alitazama kundi hilo akasema hapa pana maadili kamili: namna ya kufikiri juu ya mema na mabaya, namna ya kukataa dhuluma, namna ya kubadilisha mambo bila kuvunja nyumba. Mwaka 1992 akatunukiwa udaktari. Mwaka 2000 kikatoka kitabu chake, Kiama Kia Ngo. Ni Kikikuyu, maana yake baraza la ngao, na kichwa hicho kinawakumbuka wanawake wa enzi ya ukoloni walioungana kuwa ngao ya binti zao dhidi ya ukeketaji.

Kaa na jambo hilo kidogo. Wanawake wa vijijini wanasimama kati ya wembe na mtoto. Hawakuhitaji neno ufeministi. Basi siku wanaume wa kijiweni, kahawa na kashata mkononi, watakapokwambia ufeministi ni mambo ya Wazungu, usipandishe sauti. Wasimulie habari za baraza la ngao. 

Hesabu na miaka pia, maana hamasa isiyohesabu miaka ni ulaghai. Kutoka kuwekewa mikono hadi udaktari, miaka 10. Kutoka udaktari hadi kitabu, 8. Katikati yake hakukaa bure: alifanya kazi Geneva kwenye umoja wa makanisa ya Kireformati, kisha Baraza la Makanisa Ulimwenguni, kwenye dawati la elimu ya theolojia. Mwaka 2001, yeye na Musa Dube wa Botswana walihariri kitabu cha theolojia za wanawake wa Afrika, Talitha Cum!, kilichopewa jina kutokana na yule msichana wa miaka 12 katika Injili ya Marko aliyeshikwa mkono akasimama wakati waombolezaji wameshajaa sebuleni. Kuanzia 2007 akasimamia kazi ya Baraza hilo juu ya UKIMWI barani Afrika.

Na hapo ndipo utaona ndoo ya mama yako imerudi. Ni nani hakumbuki tulivyokuwa tukisema juu ya UKIMWI misibani? Adhabu ya Mungu. Ikasemwa juu ya mjane ambaye hakuwahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya marehemu. Wanawake wa Circle walikutana Addis Ababa mwaka 2002 wakauliza: mbona adhabu hii inaanzia kwa mwaminifu? Nani alikuwa na uwezo wa kukataa kitandani, na nani hakuwa nao? Swali la bondeni hilo hilo, limehamia chumbani.

Kazi nyingine iliyopita mikononi mwa Njoroge na wenzake inaitwa Kampeni ya Tamari. Chimbuko lake ni Afrika Kusini, kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kinachoitwa, utapenda hili, Ujamaa Centre. Neno letu limesafiri mpaka Pietermaritzburg, likarudi Nairobi mwaka 2005 likiwa limebeba sura ambayo mimi, miaka yangu yote ya kwenda ibadani, sikuwahi kuisikia ikisomwa madhabahuni: 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme Daudi, anaitwa ampikie kaka yake Amnoni anayejifanya mgonjwa. Anakanda unga, anaandaa, anapakua. Kisha anabakwa. Anakataa kwa maneno na kwa hoja, anamweleza Amnoni sheria na aibu na hatima yao wote wawili. Hasikilizwi. Baadaye kaka mwingine, Absalomu, anamkuta na majivu kichwani, na ushauri wake wa kwanza ni kwamba anyamaze, huyo ni ndugu yake.

Akina mama wanasoma sura hiyo kwenye duara, polepole, wanaulizana: nani yumo humu? Nani alijua? Baba alifanya nini? Tamari alisema nini? Wanaoendesha masomo hayo wamejifunza kukaa na mshauri karibu, kwa sababu katika kila duara yuko mwanamke ambaye kaka yake naye aliwahi kujifanya mgonjwa. Hiyo, binti, ndiyo theolojia ikifanya kazi. Inamrudishia Tamari kauli yake miaka elfu tatu baadaye, na mwanamke aliyekaa kwenye mkeka anapata pa kuanzia yake.

Musimbi Kanyoro, Mkenya mwenzake Njoroge, alifanya la kufanana na hilo kwa kitabu cha Ruthu. Alikuwa na udaktari wa isimu kutoka Chuo Kikuu cha Texas, akirekebisha tafsiri za Biblia. Akarudi Bware, kijijini kwao magharibi ya Kenya, akakaa na wanawake kumsoma Ruthu upya, mjane mgeni na mama mkwe wake, kwa macho ya watu wanaojua ujane na ukwe ni nini. Kutoka hapo kikazaliwa kitabu mwaka 2002. Mwanamke huyo ameongoza YWCA ya dunia, na kuanzia 2011 mfuko wa kimataifa wa wanawake, Global Fund for Women. Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa kile kikao cha Bware, kwa sababu wewe unaweza kukifanya kesho. Umeshawaona akina mama wanaofagia mchele na maharage yaliyomwagika magunia yakishushwa sokoni, wakapeta kwenye ungo vumbi liruke, wakabaki na kisado? Ruthu alikuwa anaokota masuke nyuma ya wavunaji. Wasomee wale akina mama sura ya pili, kisha ufunge mdomo na ufungue daftari. Watakwambia mambo juu ya msimamizi wa shamba ambayo profesa hajawahi kuyawaza.

Najua baba nyumbani atauliza: utakula nini? Swali halali, nalo tusilimeze. Sikudanganyi, mshahara wa mhadhiri haujengi ghorofa Kariakoo. Ila unalisha. Na njia ziko nyumbani. KKKT iliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na mwaka uliofuata wakaanza kuwekewa mikono. Anneth Munga, mchungaji wa kanisa hilo, alipata udaktari Lund, Sweden, mwaka 1998, na utafiti wake haukuwa juu ya Sweden. Ulikuwa juu ya Uamsho, mahubiri ya watu wetu. Baadaye akaongoza Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa kule Lushoto. Makumira wanafundisha theolojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa na taaluma za dini. Kule Limuru, Chuo Kikuu cha St. Paul’s kimelea akina Esther Mombo na Emily Onyango, mwanahistoria ambaye mwaka 2021 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Kenya. Wewe wa EDK, elimu ya dini ya Kiislamu, mtafute Amina Wadud, aliyesoma Kurani kwa jicho la mwanamke na kuchapa kitabu chake Kuala Lumpur mwaka 1992. Huenda usikubaliane naye. Vizuri, andika kwa nini.

Na kama dhehebu lako haliwapi wanawake madhabahu, usikae kwenye ngazi ukisubiri. Kalamu haihitaji kuwekewa mikono.

Nikwambie langu. Nilikuwa kidato cha tatu, kwenye kikundi kimoja cha vijana sitakachokitaja. Niliuliza kwa nini mjane wa mtaa wetu alitolewa nyumbani na mashemeji zake na hakuna aliyelihubiri jambo hilo Jumapili iliyofuata. Kiongozi akatabasamu, akasema nikawasaidie akina mama kuosha vikombe. Niliosha. Vikombe arobaini na kitu, nikavifuta, nikavipanga. Nimekuwa mwandishi wa makala, namshukuru Mungu, lakini swali lile nilililaza kwenye beseni na sikurudi kulitafuta kwa miaka ishirini. Sitaki na wewe ufanye ujinga huo.

Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa uimbaji kwenye ngoma ya Bomba mjini hapa kabla TANU haijamwita. Mwaka 1955 alianza kupita kwenye vikundi vya ngoma kuwaandikisha wanawake kwa maelfu, wakati wasomi wa chama bado wanatafuta namna ya kuwafikia. Leo ukitaka kusoma vizuri habari za wanawake wale, utasoma kitabu cha Susan Geiger, cha mwaka 1997. Kitabu kizuri, alikaa nao, aliwasikiliza, nampa heshima yake. Alikuwa Mmarekani. Tulikuwa wapi sisi wajukuu wao, na mikono yetu ilikuwa na kazi gani?

Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kutoka Jangwani unafika kwa miguu na nauli inabaki mfukoni. Jumatano kuna semina za jinsia za TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, kule Mabibo. Ingia, kaa nyuma kama una haya, wiki ya tatu utakuwa umeshanyoosha mkono. Na pale Viwanja vya Jangwani, ambako wanasiasa na wahubiri hupokezana vipaza sauti na wanawake hujaa kwa maelfu kusikiliza, nenda siku moja uhesabu waliokaa jukwaani, wangapi wamevaa kanga. Iandike hiyo namba. Weka tarehe.

Daftari utapata Kariakoo, chagua lenye jalada gumu, maana ya jalada laini umeona yalivyolala juu ya bati. Mama yako akirudi jioni, mpokee mzigo, mpe maji. Kabla hajafungua kilemba, mwombe arudie lile swali la siku ya mafuriko, lile la njia ya Masaki. Atakwambia amelisahau, au atacheka akuulize una wazimu gani. Mngoje. Akianza kusema, usimkatize, na uandike kama anavyolisema.